Watoto Wasiohesabiwa

Mpaka leo nikinusa mafuta ya taa, mkono wangu huenda shingoni wenyewe. Susu, nyanya yetu, alikuwa na tiba moja tu ya koo: kitambaa kilicholowekwa mafuta ya taa na kufungwa shingoni usiku kucha. Ulilala ukinuka kama koroboi. Asubuhi ulipona, nadhani kwa sababu hukutaka kufungwa tena.

Mwaka mmoja, miaka ya sabini ikianza, kitambaa hakikusaidia. Kalekye, binti wa baba mdogo, tuliyeishi naye boma moja, alivimba shingo na kupoteza sauti, na siku chache baadaye tukamzika nyuma ya mbaazi. Watu wazima walisema ni koo tu, halafu wakaacha kabisa kusema.

Ndipo akaja bwana afya. Alitoka Mwingi mjini kwa baiskeli, kasha la dawa limefungwa nyuma kwa mpira, na kaptula yake ilikuwa imenyooshwa pasi mpaka sisi watoto tukaogopa kumkaribia tusije tukakatwa. Alikuwa akifuatilia dondakoo, boma kwa boma, akiuliza nani anaumwa na nani amekufa, ili ajue ugonjwa umefika wapi. Chanjo ilikuwa haba. Palipotokea kifo, hapo ndipo alipochanja kwanza. Hayo alimweleza Susu taratibu kwa Kiswahili, maana alikuwa mtu wa upande wa ziwa na Kikamba hakukijua.

"Nyanya, hapa kuna watoto wangapi?"

Angekuwa Mkamba hangeuliza hivyo. Kwetu mtoto hahesabiwi, wala ng'ombe. Ukitaja idadi ni kama umealika kitu kije kuipunguza. Susu alikuwa mtu wa kanisa, Jumapili hakosi, lakini jambo hilo mchungaji hakuwahi kuligusa.

"Watoto iko," akasema. "Hesabu hapana."

Bwana afya akauliza kama kuna aliyefariki. Mama yangu, aliyekuwa akipepeta ndengu, aliinua uso. Lakini mkaza mwana hafungui mdomo mahali mama mkwe ameufunga wake, kwa hiyo akaurudisha uso kwenye ungo. Susu akajibu kwamba hapa hakuna shida.

Bwana afya alifurahi, maskini. Alimshukuru Mungu kwa ajili yetu, akapanda baiskeli, akaenda na kasha lake ng'ambo ya mto, alikoambiwa kuna kaburi jipya.

Musyoka, mdogo wangu, alikuwa amekunywa uji na Kalekye katika kibuyu kimoja. Hata wiki haikuisha, akaanza kukoroma akiwa macho. Baba alimbeba mgongoni hadi barabara ya Garissa, na lori la ng'ombe likawachukua mpaka hospitali. Alirudi naye amefunikwa shuka. Mimi ni mzee sasa na bado nina hasira, ila sijui nimkasirikie nani.

Bwana afya alipokuja tena, kasha likiwa limejazwa upya, Susu hakungoja kuulizwa. Alitoka mwenyewe uani, akasema idadi hana, lakini majina anayo. Akaanza kutuita, nasi tukatoka kwenye kivuli cha ghala na kupanga mstari: mimi Mwende, kisha Kasyoka, kisha Mutua. Kila mmoja alichomwa, na Mutua akapiga kelele kabla hata sindano haijamgusa. Kisha Susu akaita, "Kalekye." Kisha akaita, "Musyoka."

Bwana afya alisimama na sindano yake, akiangalia mlango wa nyumba. "Hao wawili wako wapi?"

Mama ndiye aliyemwonyesha kwa kidevu, kule nyuma ya mbaazi.

Siku ile nilidhani uchungu umemvuruga Susu akili, amesahau kwamba wale wamekufa, nikamwonea aibu mbele ya mgeni. Ilibidi nizae wangu ndipo nikaelewa. Hakuwa amesahau. Alikuwa akijibu swali alilolikataa mara ya kwanza, kwa njia pekee aliyoiweza. Na alijua vizuri kwamba kama angelijibu siku ya kwanza, Musyoka angetoka kwenye kivuli cha ghala pamoja nasi.