Mtoki wa Mwanaidi

Juzi nilimwona panya amekufa mlangoni mwa ghala la tende, nikaruka nusura nifike mji wa Nizwa. Mara mawazo yakanirudisha Ibra, kwa bibi, alasiri moja ya utotoni.

Panya wa siku ile walikuwa watatu, kila mmoja mkubwa kama mbuzi, wamekufa juu ya magunia. Ghala lilinuka tende na uvundo. Siku hiyohiyo Mwanaidi, dada wa kazi kutoka Tanga, alishikwa na homa, na mtoki ukamvimba kinenani.

"Tauni!" shangazi Salma alipiga ukelele. "Kaja nayo kwao. Mtoeni!"

Nilidhani tauni ni jini, limeshuka kutoka kwa panya likampanda Mwanaidi. Majirani walijaa uani, sanduku lake likatupwa juani.

"Bibi, nitakwenda wapi mie?" alilia.

Bibi akaingia chumbani kwa Mwanaidi, akatia komeo kwa ndani.

"Penye tauni hatoki mtu," tulimsikia. "Basi tutakaa wote."

Nililia nikijua jini limempata na bibi. Mwishowe mlango ukafunguka. Bibi alikuwa ameshika mwiba wa mtende, mrefu kama mkuki, aliouchomoa unyayoni mwa Mwanaidi.

"Tauni yenu hii! Na panya si umewatilia sumu mwenyewe, we Salma?"

Shangazi akaokota sanduku.

Ukubwani, shule ya usiku ilinifunza kwamba tauni huletwa na viroboto wa panya, na kwamba zamani wageni walisingiziwa kuileta wakachomwa moto. Lakini alipotia lile komeo, bibi alikuwa bado hajauona mwiba.