Madoa Mekundu ya Mtama wa Leticia

Asubuhi ile Praxeda alikuta mtama wake umelala chini, na upepo haukuwa umevuma. Akainama, akashika shina moja na kulibonyeza kwa kidole gumba. Likabonyea kama ndizi mbovu. Akashika la pili, kisha la tatu. Alipofika kwenye mpaka wa jirani yake Zubeiri alikuwa hajagusa shina gumu hata moja, na masuke aliyoyapangusa tope yalikuwa mapepe matupu.

Akaketi pale pale kwenye tope, na kitenge chake chote.

Mbegu ile haikuwa ya dukani. Mama yake, Leticia, aliibeba ndani ya kibuyu kutoka Singida, mwaka ambao mumewe aliandikishwa kuja Tanga kukata mkonge. Praxeda alizaliwa kambini, akakua akikiona kibuyu kile kikining'inia juu ya mafiga, kimepakwa weusi na moshi. Walipohamia huku karibu na Horohoro, kitu cha kwanza kutundikwa kilikuwa kibuyu, hata kabla ya msalaba. Sharti la Leticia lilikuwa moja: kibuyu hakimwagwi chote. Nusu inakwenda shambani, nusu inabaki. Alipokuwa anakata roho hakuzungumzia nyumba wala kiwanja. Alimshika bintiye mkono akasema, "Mbegu, Praxeda."

Miaka kumi na tisa Praxeda alilishika sharti hilo. Kisha mvua zikakosa miaka miwili mfululizo, na mbegu iliyobaki haikutosha hata kufunika kitako cha kibuyu. Masika haya aliona kugawa konzi mbili za mbegu ni mchezo wa watoto. Akaimwaga yote, ila nusu konzi aliyompa Zubeiri apande mstari mmoja upande wake wa mpaka.

Mtama uliota vizuri. Wiki tatu kabla ya asubuhi ile ya msiba, ndipo alipoyaona madoa. Yalikuwa madogo, mekundu ya damu ya mzee, yametapakaa kwenye majani ya miche mingi. Miche mingine, michache, ilikuwa ya kijani kitupu.

Praxeda alijua la kufanya, maana alikuwa amefundishwa. Mwaka juzi, batobato ilipoingia kwenye mihogo ya kijiji, bibi shamba wa kata, binti mmoja wa Kipemba aitwaye Mwatum, aliwakusanya akawaambia: mche mgonjwa usiuonee huruma, ng'oa, choma, uokoe mizima. Praxeda aliitii amri hiyo, na mihogo yake ikapona.

Basi akang'oa. Siku tatu, toka asubuhi hadi mgongo ukakataa kunyooka, mpaka viganja vyake vikawa vyekundu kwa maji ya majani.

"Mama Wilfred!" Zubeiri alimpigia kelele kutoka kwake. "Unang'oa mtama au unanyonyoa kuku?"

"Wewe cheka. Uvivu wako utatuletea ugonjwa sote."

"Mimi na ugonjwa tumezoeana. Unanipita, unanisalimia."

Siku ya nne Zubeiri alikwenda Pangani mazikoni. Praxeda akautazama ule mstari wake mmoja, umejaa madoa. Akavuka mpaka, akaung'oa wote, akauchoma pamoja na wake.

Sasa ile mizima aliyoiokoa ndiyo hii iliyolala.

Mwatum alimkuta bado ameketi. Alizima pikipiki, akaingia shambani mbio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone msiba."

Mwatum alipasua shina moja, akaliona lilivyooza ndani. "Ni kuvu hili. Mbona miche imebaki michache hivi?"

"Niling'oa wagonjwa. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

"Nilifundisha mihogo, mama." Sauti ya Mwatum ilishuka. "Hao wagonjwa walikuwaje?"

"Walikuwa na madoa mekundu. Madogo, kama umeumwa na mbu."

"Yalikuwa yanatanuka? Yanaungana?"

"Hata. Yalikauka vile vile."

Mwatum alizunguka shamba ameinamisha kichwa, hadi kwenye kisiki kimoja kilichokatika badala ya kung'oka, kikatoa chipukizi. Akachuma jani lenye doa moja, akaliinua juani ili Praxeda aone.

"Mtama hauna mikono ya kujipangusa, mama, wala miguu ya kukimbia. Kuvu likitua na kuanza kutoboa jani, mmea unajipikia dawa. Hapo kabla dawa hiyo haimo. Inapikwa pale pale panapotobolewa. Jani limejengwa kwa chembe ndogo, jicho haliwezi kuziona. Chembe iliyovamiwa inatengeneza vifuko vya dawa nyekundu, vinasogea mpaka alipo adui, vinapasuka. Kuvu linakufa, na ile chembe nayo inakufa. Ndiyo hili doa."

Praxeda alilitazama doa. Kisha akavitazama viganja vyake, ambavyo kwenye mikunjo vilikuwa havijatakata mpaka leo.

"Kwa hiyo ile niliyong'oa..."

"Ilikuwa imeshajitibu. Doa linalotanuka na kuungana na mengine ndilo la kuogopa. Hii ya kijani ilichelewa kupika dawa, kuvu likashuka taratibu hadi kwenye shina. Nadhani imechanganyika na mtama mweupe wa dukani unaopandwa na majirani. Ile ya mama yako ndiyo iliyokuwa na madoa. Na mimi nina kosa. Niliwaambia mng'oe, sikuwaambia kwamba ni mihogo tu. Kibuyuni kimebaki nini?"

"Moshi."

"Hukumpa mtu mbegu?"

Praxeda aliinuka. Alivuka mpaka kwa mara ya pili, tope likimdondoka, akasimama uani kwa Zubeiri, akasema yote kwa pumzi moja.

Zubeiri alikodoa macho. "Ni wewe? Mimi nimeshinda wiki nzima nikiwatukana nyani wa watu!"

"Nitukane mimi sasa."

Lakini mzee alipouona uso wake, utani ulimwisha. Akakuna ndevu. "Mke wangu Mwanaima alizipepeta zile mbegu kabla hatujapanda. Makapi akayamwaga nyuma ya bafu. Kuna kitu kimeota pale, mimi sijui ni nini."

Walizunguka ua wa makuti. Mahali maji ya kuogea yanapotokea palisimama mtama mmoja. Majani yake yalijaa madoa mekundu, madogo, makavu. Suke lilikuwa limeanza kukomaa, na ndege walikuwa wamekwisha kula upande mmoja.

Praxeda alivua kilemba chake. Akakizungushia suke, fundo likamshinda mara mbili. La tatu likashika, suke likafichika ndani ya kitambaa. Kisha akageuza ndoo, akaikalia.

"Utakaa hapa mpaka lini?" Zubeiri aliuliza.

"Mpaka likauke."

"Na sisi tutaogaje, Mama Wilfred?"

"Ogeni. Mimi natazama ndege."

Zubeiri alipoondoka, Praxeda alinyoosha mkono akalishika shina. Alitaka kulibonyeza ajue kama ni gumu. Kidole gumba kilitua pale, kikabaki kimetua, hakuthubutu kukikaza.