Kope la Chini

Mwenye duka la dawa za mifugo hapa Bunda amefungua chupa ninuse, na harufu ile ikanirudisha zizini kwetu, Kiriba.

Mbuzi wetu alikuwa amezaa mapacha, kisha akaanza kukonda, akavimba chini ya taya. Mama, akiwa na kichanga mgongoni, alimvuta kope la chini. Ndani palikuwa peupe kama unga wa muhogo.

"Minyoo imemmaliza damu. Shika pembe, usimwachie. Huyu akifa, hivi vitoto nitavinyonyesha mimi?"

Mbuzi alikaza meno. Mama akapenyeza shingo ya chupa ya soda pembeni mwa mdomo, akamimina kidogo kidogo. Dawa ilituchuruzikia mpaka viwikoni, lakini mbuzi alimeza.

Kisha mama akachuchumaa mbele yangu, akashusha kope lake mwenyewe kwa kidole.

"Na mimi?"

"Peupe, mama."

Alikaza kanga. "Basi asubuhi tunaenda zahanati. Haiwezekani mbuzi atibiwe, mimi nibaki."

Nimechukua dawa. Nyumbani binti yangu naye ana kichanga. Mbuzi watasubiri kidogo. Nitaanza na jicho la binti.