Siku Rehema Alipochezeshwa na Kiti

Uvumilivu uliniishia mlangoni pa ukumbi wa mtaa wetu, Flemingdon Park, Jumamosi moja ya theluji, nilipomkuta binti yangu Rehema akicheza polka, ngoma ya Kizungu ya wawili wawili, na kiti. Wenzake walikuwa wakizunguka ukumbi wawili wawili, mvulana mkono mgongoni kwa msichana, msichana mkono begani kwa mvulana. Wangu alikuwa amekumbatia kiti cha plastiki. Na kwenye benchi kulikuwa na mvulana mzima kabisa, amekaa anakula biskuti.

Mwanangu, kitinda mimba wangu uliyezaliwa baada ya haya na unayelea watoto sasa, nakuandikia habari hii kwa sababu juzi uliniambia kwamba mwanao "wamemsahau" tena shuleni, na wewe ukanyamaza ili usionekane mkorofi. Kaa nikusimulie.

Miaka hiyo ya tisini tulikuwa wageni Toronto. Tulitoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na mimi nilikuwa mama kijana, sekondari nimemaliza, kazi yangu kuogesha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Rehema alijiunga na ngoma za Wacheki, watu wa Ulaya, kwa sababu mwalimu wa ngoma hizo, Bi Vlasta, Mcheki mwenyewe, alikaa ghorofa ya jirani, na siku moja kwenye lifti alimwonyesha mtoto sketi yake ya riboni. Basi, yakaisha. Nyumba nzima ikawa polka. Hatua, unganisha, hatua, karuko kadogo, halafu mguu wa pili. Alicheza akipiga mswaki.

Sasa nakuta amepewa kiti. Nilipaza sauti, tena kwa Kiswahili, maana hasira yangu haijui lugha nyingine: "Hivi mnanifanya mimi mjinga?"

Muziki ukazimwa. Bi Vlasta akanijia mbio. "Mama Rehema, wavulana ni wachache."

"Na huyo mla biskuti?"

"Mguu unamuuma."

"Unamuuma Jumamosi tu?"

Akatazama chini. Hakuwa mtu mbaya, nakuambia kweli. Alikuwa mwoga. Akaninong'oneza kwamba mama yake yule mtoto hataki ashikane mikono na Rehema, na mama wengine wawili wamemuunga mkono, na yeye mwalimu ataachwa na ukumbi mtupu akiwalazimisha.

Nikavua buti. Nikaingia kati na soksi zangu, nikamshika mwanangu. Rehema aliniambia kwa Kiingereza, meno yamefungwa, niache kumwaibisha. Sikuacha. Lakini polka si mchezo! Sisi kwetu ukicheza unaikanyaga ardhi, magoti yamelegea, uzito wote chini. Wacheki wanataka uelee. "Juu, mama, juu!" mwalimu alinipigia kelele, na mimi kila nikiruka natua kama gunia la mihogo. Watoto wakacheka mpaka yule wa biskuti akakohoa. Rehema naye akacheka, akaniambia, sasa kwa Kiswahili, "Mama, usikanyage, gusa tu." Akanifundisha mpaka tukazunguka ukumbi bila kuanguka.

Baadaye, tukikunja viti, nilimuuliza Bi Vlasta, "Huko kijijini kwenu, msichana asiye na mwenzi hufanyaje?"

Akashangaa swali. "Kwetu hakuna wa kukosa. Tunacheza duara. Muziki ukirudi mwanzo, kila mvulana anasogea kwa msichana anayefuata. Hata bibi kizee anashikwa. Kumruka mtu ni aibu kwa kijiji kizima."

"Kumbe. Na hapa unafundisha ngoma ya nani?"

Aliendelea kukunja kiti kilichokwisha kukunjwa.

Nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba naenda kushtaki kwenye ofisi ya ukumbi. Akaacha kula. "Mama Rehema, makaratasi yetu hayajatoka. Usitutafutie maneno. Mtoto atafute mchezo mwingine."

Mwanangu, hofu hiyo wewe huijui. Sisi tulitoka mahali ambapo jina lako likiingia ofisini, halitoki salama. Tulidhani kila ofisi Kanada ni ofisi moja, kwamba meneja wa ukumbi akikasirika atampigia simu mtu wa uhamiaji. Nilikaa na hofu hiyo wiki nzima. Kisha nikamsikia Rehema chumbani akimwambia mdogo wake kwamba polka ni ya kitoto, hataki tena. Kasketi alikokuwa akikavaa hata kulalia alikuwa amekasukuma uvunguni. Nikavaa koti.

Ofisini meneja wa ukumbi alisoma barua yangu, akatabasamu tabasamu lile la kukutoa mlangoni. "Mama, si tungezungumza tu?"

"Nimeshazungumza. Sasa nimeandika. Piga muhuri, na nakala yangu naondoka nayo."

Niliandika hivi: "Mimi, mama wa Rehema, nalalamika rasmi. Ukumbi huu ni wa wakazi wote. Mwanangu ananyimwa mwenzi wa kucheza kwa sababu ya rangi yake, na mguu unaosingiziwa ni mzima. Sitaki mtoto yeyote afukuzwe. Nataka ngoma ya Wacheki ichezwe kama Wacheki wenyewe wanavyoicheza: kwa duara, na kila mmoja ashikane na kila mmoja. Asiyetaka, yeye ndiye akae benchi. Nasubiri jibu kwa maandishi."

Jibu lilikuja. Bi Vlasta aliitwa, na safari hii alisema kweli yote. Duara likaanza. Mama wa yule mvulana alichukua koti na mwanawe, wakaondoka. Waliobaki walicheza, Rehema naye akiwemo. Makaratasi yetu yalitoka baadaye, na hakuna aliyetuuliza habari za polka.

Basi nasaha yangu ni hii. Hasira ikikupanda, iache ipande, lakini usiishie kupiga kelele mlangoni kama nilivyoanza mimi. Uliza kwanza utaratibu wao wenyewe unasemaje, halafu wadai huohuo. Andika. Weka jina lako. Chukua nakala. Na usimwachie mtoto kazi ya kujifanya hakitaki kile alichonyimwa.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka, awape wanao watu wa kuwashika mikono popote waendapo, na usiku ulale usingizi. Amina.