Papa Mkavu na Jirani Yetu wa Kihindi

Harufu ya papa mkavu akichemka kwenye tui la nazi haikubali kufichwa, lakini Bibi yangu alijaribu. Kila Ijumaa asubuhi, katika nyumba yetu ya Ghubra, alifunga dirisha la jikoni, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa khanga kuukuu, kisha akafukiza udi mpaka macho yakatuwasha. Joto la Maskati halihitaji kuelezwa. Mle jikoni tulitota jasho chapachapa. Mama alinung'unika chini kwa chini, maana Bibi alikuwa mkwe wake na mkwe hajibiwi. Sababu ya mateso yote hayo ilikaa ng'ambo ya ukuta: Mama Anu, jirani yetu wa Kihindi, muuguzi wa hospitali, ambaye dirisha la jiko lake lilitazamana na letu. Wahindi hawali kitu kilichokuwa na roho, Bibi alitufundisha, na harufu yake tu huwatia kichefuchefu. Jirani hakerwi.

Bibi aliamini anawajua Wahindi kama anavyovijua viganja vyake. Unguja, mtaa wa Ukutani, alikaa nyumba moja na Mama Jaya, Mhindu wa Kigujarati, yeye chini na mwenzake juu, wakalea watoto wao pamoja. Kwa ajili ya Mama Jaya aliweka sufuria ya peke yake isiyowahi kuonja nyama. Tulipohamia Oman, Mama Jaya alibaki kule, na Bibi akawa kama kasuku aliyetiwa tunduni. Siku za mwanzo wanawake wa sokoni walikicheka Kiarabu chake cha Kiunguja, naye tangu hapo hakutoka tena ila kwa maziko na harusi. Mtu wa nje aliyezungumza naye alikuwa Mama Anu peke yake. Ijumaa jioni alikuja, wakakaa barazani na birika la chai ya maziwa, wakazungumza kwa Kiarabu kilichovunjika pande zote mbili, na kwa kuwa wote walikivunja, hakuna aliyemcheka mwenziwe. Kabla ya hapo sahani ya Bibi ilikuwa imeshatangulia: choroko za nazi, bamia, au mabilingani, vilivyopikwa kwenye ile sufuria ya peke yake. Na kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, ilirudi na chipsi za ndizi zilizokaangwa kwa mafuta ya nazi, ambazo mimi na kaka yangu tulizigombania mpaka tukachapwa.

Nilipokuwa darasa la sita, katikati ya miaka ya tisini, mwalimu wetu wa maarifa ya jamii alitugawia utafiti. Kila mwanafunzi alipewa watu wa taifa moja wanaoishi mjini mwetu aandike dini yao, lugha yao, chakula chao na harusi zao. Mimi nikaangukiwa na Wahindi. Bibi alifurahi kana kwamba mtihani ni wake. "Wahindi niulize mie," alisema, "nnawajua hao." Nikaandika alivyonitajia: lugha yao Kigujarati, dini yao Uhindu, nyama na samaki ni mwiko. Mwalimu alisoma, akaniuliza ni Mhindi gani aliyenieleza hayo. Nilipomjibu kuwa ni Bibi, darasa zima liliangua kicheko, naye akanirudishia karatasi zangu na kuniambia Bara Hindi ni kubwa, nikamuulize mwenyewe.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Mama Anu. Kwenye ukuta, juu ya televisheni, niliona picha ya Bikira Maria na taa ndogo nyekundu chini yake. Aliniambia wao ni Wakristo wa Kerala, ukoo wao umekuwa wa Kikristo tangu enzi na enzi, na nyumbani husema Kimalayalam. Kigujarati hajui hata neno. Nilikumbuka kwamba Ijumaa zote zile Bibi alimsalimu kwa Kigujarati alichofundishwa na Mama Jaya, na yeye akaitikia kwa tabasamu tu, akidhani ni Kiswahili. Nilipofika kwenye chakula alisita, akatupa jicho dirishani, akaniambia kwa sauti ndogo kuwa wanakula samaki karibu kila siku, na Jumapili nyama ya ng'ombe. Kisha akaniuliza yeye: na ninyi, dini yenu ni ipi hasa? Waislamu ninaowauguza wanakula nyama, lakini Bibi yako hupika mboga tupu. Tangu wahamie hapo, alisema, amekuwa akikaanga samaki huku amefunga dirisha ili asimkere bibi wa watu.

Nilipomwambia ukweli alicheka mpaka akashika ukuta. Nilikimbia nyumbani nikijua na Bibi atacheka.

Bibi hakucheka. Alikaa kitandani akaikunja na kuikunjua ncha ya mtandio wake. "Muda wote huu nnamlisha choroko mtu anayekula samaki," alisema. "Hata dini yake sikumuuliza." Usilolijua ni usiku wa giza, lakini Bibi alikuwa ameingia usiku huo akijiona ana taa mkononi, na hilo ndilo lililomuuma. Ijumaa iliyofuata hakupeleka sahani. Jioni Mama Anu alipobisha, Bibi alisema kichwa kinamuuma, akajifungia. Ijumaa ya pili vilevile, na kibarazani birika halikutoka. Nilimwonea huruma mpaka nikauchukia utafiti wenyewe. Maksi zangu zilikuwa karibu kumgharimu rafiki aliyebaki naye.

Ijumaa ya tatu Mama Anu hakupita mlango wa mbele. Alikuja moja kwa moja jikoni, na chungu alichokifunika kwa kitambaa: mohogo wa kuchemsha, na samaki wa nazi aliyeungwa kwa kitu kikali kama ukwaju. Alimpakulia Bibi, akasimama. Bibi alikula tonge la kwanza akiwa ameinamisha macho. La pili alilitafuna polepole. Kisha nikaona machozi yanamdondoka sahanini, naye hayafuti.

"Huu mchuzi wa kwetu," alisema. Akanigeukia. "Mwambie kwamba Mama Jaya nilimpenda, lakini samaki wangu hakuwahi kumla hata siku moja. Mwambie akae tule."

Nilifasiri kwa Kiarabu nilivyoweza. Mama Anu akavuta kigoda, na Bibi akanyanyuka mwenyewe kwenda kufungua dirisha.

Mama Anu alirudi Kerala mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na Bibi hatunaye tena, Mungu amrehemu. Juzi binti yangu alipewa shuleni kazi ileile kuhusu Wahindi. Alifungua simu, na kabla chai yangu haijapoa alikuwa amemaliza: lugha zote, dini zote, picha za rangi, hakuna kosa hata moja. Mimi na Bibi tungemwonea wivu. Nilimuuliza Wahindi wa mlango wa pili, tunaotumia nao ukuta mmoja, wanakula nini. Hakujua. Na mimi, mama yake, sikujua. Jina lao pia silijui. Basi nilimpa mtandio wake nikamwambia akagonge, akasalimie, akaulize. Jikoni papa alikuwa ameshaanza kuchemka, dirisha wazi, na choroko nilikuwa nimezibandika kando, kwenye sufuria ya peke yake, isije ikawa.