Saladi ya Kuunga kwa Karanga

Kila nikiletewa saladi mezani, yale majani mabichi yenye harufu ya maji hunirudisha kwenye bustani ya mama kule Pito, msimu wa baridi. Mbegu alipewa na mke wa mwenye duka mjini. Kila jioni mama aliifunika saladi yake kwa magunia, baridi isiiunguze, na asubuhi aliifunua taratibu kama anayemfunua mtoto aliyelala.

Ilipokomaa, akamwalika yule mke wa mwenye duka. Akaipika, akaiunga kwa karanga, akaipakua na ugali wa ulezi. Ilikuwa imegeuka uteute wa kijani.

“Dada, hii huliwa mbichi,” mgeni alisema kwa upole.

“Mbichi? Mgeni nimpe majani kama mbuzi?”

Mgeni akacheka. Mama naye akacheka, ameziba mdomo kwa kanga. Mimi niliinamia tonge langu, masikio yakiniwaka moto, nikitamani awe mama wa mtu mwingine.

Jioni ile magunia yalibaki yamekunjwa mlangoni. Asubuhi tuta zima la saladi lilikuwa jeusi kwa baridi, na mama alipita kando yake na ndoo kichwani, bila kugeuza shingo.