Waliokaa Juu ya Kisu cha Greda

Enzi zetu gari likikwama mchangani, watu walishuka. Naanza na hilo kwa sababu majuzi nimeona gari limezama pale kwenye kivuko cha mto wetu, na waliomo ndani wameketi tu, vioo vimefungwa, kila mmoja na simu yake. Nikiwa nimesimama upande wa pili, simu yangu ikaita.

"Dada, hapa hapapitiki kabisa."

Alikuwa Masunga, mdogo wangu anayenifuata. Alitoka Mwanza na mkewe na watoto ili tujengee makaburi ya wazazi wetu. Nikamwambia, "Nakuona, Masunga. Shuka." Akasema amevaa viatu vyeupe. Majirani wakafunga maksai, wakamvuta, naye alipotoka tu akageuza gari akarudi alikotoka. "Tutakuja barabara ikishatengenezwa," alisema. Ikishatengenezwa! Na nani?

Ninyi mliokulia huku Bariadi mnaujua mchanga wetu. Mvua zikinyesha, mto unakuja umejaa siku mbili tatu, halafu unakauka na kuacha mchanga barabarani, laini kama unga wa mtama. Kiangazi upepo nao unaongeza. Baiskeli unaibeba begani, na mkokoteni wa ng'ombe unalala ubavu. Sisi tulipokuwa wadogo tuliufurahia. Tulicheza rede pale mpaka miguu ikaungua, na aliyelala chini kukwepa mpira aliinuka na mchanga masikioni. Mama alikuwa akisimama mlangoni na kuita, "Mchanga wa mtoni ubaki mtoni!" Hakuna aliyeingia ndani kabla ya kujikung'uta.

Baba ndiye aliyeleta kisu. Greda liliwahi kupita barabara kuu, na mafundi wakabadilisha chuma chake cha kukwangulia, wakatupa kipande kilichochakaa. Baba alikiburuta hadi nyumbani kwa maksai wetu wawili, Meja na Karani. Akatoboa matundu mawili, akafunga mnyororo, na juu yake akapigilia ubao mpana. Kila mto ukikauka alikiburuta kwenye kivuko kusogeza mchanga pembeni, angalau watu na baiskeli wapite. Hakuna aliyemwagiza, wala hakuna aliyemshukuru.

Baba akafariki, na masika yaliyofuata Mama naye akamfuata. Tulibaki wanne: mimi niliyekuwa darasa la sita, Masunga, na mapacha Kulwa na Doto, mabinti ambao walikuwa hawajaanza hata shule. Siku ya kumaliza matanga, Baba Mdogo, mdogo wake baba, alitugawa mbele ya watu kama anagawa mbegu. Masunga aende kwake Ngulyati akachunge. Kulwa aende kwa shangazi Nkololo. Doto apelekwe kwa ndugu wa mama kule Kalemela. Mimi nisubiri kuolewa.

Mapacha walikuwa wamelala kwenye mkeka mmoja, mguu wa huyu juu ya tumbo la yule. Niliwatazama, nikasema, "Hapana. Hawa nitawalea mimi."

Baba Mdogo akacheka. "Wewe, ng'wanangu? Nyumba inataka mkubwa. Haya, siku nitakayoona lori la pamba limefika mlangoni kwenu, nitaamini nyumba hii ina mkubwa."

Watu wakacheka naye, maana lori halikuwa limewahi kuvuka ule mchanga. Sisi wote tulipeleka pamba ng'ambo kwa kichwa, mizigo ya kuvunja shingo. Alisema hivyo kwa dhihaka. Mimi nikalichukua kama agizo, na mpaka leo naona alikosea kumwambia neno kama lile mtoto asiyejua kutaniwa.

Shule ikaishia pale. Asubuhi iliyofuata niliwafunga nira Meja na Karani, nikakivuta kisu hadi kwenye kivuko. Kikaelea! Kilipita juu ya mchanga kama ungo, bila kukwangua chochote. Ndipo nikakumbuka kwamba Baba alikuwa anasimama juu yake, na Baba alikuwa mtu mzito. Mimi nilikuwa kama fito, na tena ilibidi nishike fimbo na kutembea kando ya ng'ombe. Nikapiga kelele, "Masunga! Leta wale watoto, njooni mkae hapa!"

Wakaketi juu ya ubao, Masunga katikati, mapacha huku na huku. Kisu kikazama. Nilifurahi hadi nikataka kulia, lakini furaha haikufika mbali. Karani alikuwa amezoea kulima, na ng'ombe wa kulima upande wa kulia hutembea ndani ya mtaro. Pale barabarani aliona alama ya tairi la mkokoteni, akaifanya mtaro wake, akaing'ang'ania. Nikimchapa anarudi kule kule. Kisu kikawa kinakwenda mshazari, ncha moja mbele na nyingine nyuma.

"Karani, we mjinga! Hapa si shambani!"

Doto ndiye aliyesema, "Dada, usimchape. Angalia nyuma."

Nikageuka. Mchanga haukuwa umerundikana mbele kama nilivyotarajia. Ulikuwa umeteleza kando ya kisu na kumwagika pembeni mwa barabara, mstari mrefu ulionyooka. Ujinga wa ng'ombe ndio uliokiweka kisu kama kinavyotakiwa. Basi nikamwacha Karani na mtaro wake.

Tulifanya kazi ile kila asubuhi, jua likichoma tunarudi. Waliokuwa juu ya kisu hawakukaa kimya hata dakika moja. Waligombania nafasi, "Jana ulikaa wewe kulia!" Waliimba, walitafuna michembe ya viazi vitamu, walianguka na kupanda tena mchanga ukiwa mdomoni. Mwalimu wangu alipita akikokota baiskeli, akanisalimu, "Mwangaluka, mayu." Aliniamkia kama mama mwenye mji wake. Hakuniuliza habari ya shule. Nadhani alishaelewa.

Mchanga ulipokwisha tukapata udongo mgumu, tukaufunika kwa mabua ya mtama upepo usirudishe mchanga. Msimu wa pamba ulipofunguliwa nikasikia muungurumo ng'ambo ya mto. Lori lilivuka polepole, likakohoa, likaja kusimama mbele ya mlango wetu. Na ndani yake, pembeni ya dereva, ameketi Baba Mdogo. Alikuwa ameomba lifti bila kujua kwamba lori lingepitia kwetu kwanza.

Dereva akateremka. "Mkubwa wa nyumba hii ni nani?"

Baba Mdogo akajikung'uta shati ambalo halikuwa na vumbi. Halafu akaninyooshea kidevu. "Huyo hapo."

Habari ya kugawana watoto haikutajwa tena.

Kwa barabara ile ile wote waliondoka, mmoja mmoja, kwenda shule na kazini, nami niliwasindikiza hadi kwenye kivuko. Sijutii hilo. Kinachoniudhi ni haya ya siku hizi. Kulwa yuko Dar, Doto yuko Arusha. Nilikataa watenganishwe, nao sasa wanatumiana vikatuni kwenye simu. Niliandika kwenye kundi letu la familia: njooni tuondoe mchanga, halafu tujenge makaburi. Kulwa akajibu, "Pole sana dada kipenzi." Doto akaweka kidole gumba. Masunga akatuma picha ya mashine ya kigeni inayosukuma mchanga jangwani, akaandika, "Tungepata kama hii!" Wanangu, mashine mnayo. Iko nyuma ya nyumba, na ninyi ndio mlikuwa nusu yake.

Basi Jumatatu nimefunga maksai, nikakitoa kisu mwenyewe. Mimi bado ni mwembamba, bado nashika fimbo. Juu ya ubao nimepakia jiwe moja kubwa katikati, na mawili yanayolingana huku na huku. Leo asubuhi kivuko kimekuwa cheupe, hata viatu vya Masunga vingepita. Picha nimewatumia.

Mawe yale yanakaa vizuri, siwezi kuyasingizia. Hayaanguki, hayaombi michembe, hayagombanii upande wa kulia. Shida ni tukifika nyumbani. Inabidi niyainamie, niyashushe moja moja. Wale walikuwa wanaruka wenyewe, wanajikung'uta mlangoni, wanaingia.